Nasaba ya Zizi: Ng'ombe wa Ukoo katika Nyanda za Juu za Kusini

Wahenga walisema, "Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume." Methali hii hutumiwa kila siku kueleza bahati mbaya ya mnyonge, na wengi wetu tumeitamka mara nyingi bila kujiuliza ilikotoka. Lakini ndani yake mna elimu ya ufugaji. Aliyeisema mara ya kwanza alijua kwamba zizi halijengwi kwa madume. Fahali mmoja huweza kuwatosha majike ishirini au zaidi. Dume la pili na la tatu ni nyama, au ni maksai wa kulima, au ni mali ya kuuza. Zizi hujengwa na mtamba, naye akizaa mtamba mwingine, nyumba hiyo imepata mizizi. Kwa hiyo maskini wa methali hii ni mtu ambaye kundi lake halina binti, yaani halina nasaba.

Katika insha hii tutaeleza historia ya nasaba hiyo katika mikoa ya Iringa na Mbeya, pamoja na sehemu ambazo zamani zilikuwa ndani ya mikoa hiyo na baadaye zikapewa mikoa yake, yaani Njombe mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Tutajiuliza mambo matatu. Kwanza, familia ya mfugaji ilijuaje asili ya ng'ombe wake kabla ya kuwapo daftari? Pili, vita, maradhi na utawala wa kigeni vililifanyia nini kundi hilo? Tatu, kuna hasara gani ikiwa asili hiyo itasahauliwa? Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwa sababu linahusu jambo ambalo bado linaweza kuokolewa.

Nchi na malisho yake

Mtu hawezi kuelewa ng'ombe asipoielewa nchi inayomlisha. Nyanda za Juu za Kusini si nchi ya namna moja. Mji wa Iringa uko kwenye kimo cha meta 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mbeya uko juu zaidi, na uwanda wa Kitulo, uliopo kati ya Mbeya na Makete, hufikia meta 2,600, mahali ambapo baridi ya mwezi wa Juni na Julai huleta sakitu juu ya majani. Upande wa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na migomba husitawi mpaka mlangoni. Lakini mtu akiteremka katika bonde la Usangu, anakuta tambarare yenye joto, yenye mvua chache, na yenye majani mazuri ya malisho kandokando ya mito inayoingia katika Ruaha Mkuu.

Tofauti hizo zilizaa desturi tofauti za ufugaji. Katika Unyakyusa, penye watu wengi na mashamba yaliyobanana, kundi la nyumba moja lilikuwa dogo, na ng'ombe walilala karibu sana na wenyewe. Katika Uhehe na Usangu, kundi liliweza kuwa kubwa na kwenda mbali kutafuta majani. Hata hivyo, ng'ombe mwenyewe alikuwa wa jamii moja: yule mdogo wa nundu na pembe fupi, ambaye wataalamu wamemwita zebu wa pembe fupi wa Tanganyika. Jike lake likikomaa hupata uzito wa kilo 200 hadi 250 hivi, ambao ni mdogo ukilinganishwa na ule wa ng'ombe wa nyama wa Ulaya. Lakini yeye huvumilia jua, hutembea mwendo mrefu, hunenepa upesi mvua zinaporudi, na huishi mahali ambapo ng'ombe mgeni hufa katika msimu mmoja.

Ndani ya jamii hiyo kubwa mna matawi yaliyopata majina katika vitabu vya wataalamu: weupe wa Singida, wa rangi ya vumbi wa Mkalama, wa Wamasai, wa Wagogo, wa Mbulu, na miongoni mwao wamo wekundu wa Iringa. Hao wekundu ndio hasa tunaotaka msomaji awakumbuke mpaka mwisho wa insha hii. Rangi ikitawala kundi zima katika nchi nzima haitokei kwa bahati tu. Nyuma yake kuna watu waliochagua, kizazi baada ya kizazi, fahali gani abaki na fahali gani ahasiwe.

Nasaba isiyoandikwa

Mtu aliyezoea vyeti aweza kudhani kwamba ng'ombe wasio na cheti hawana nasaba. Sisi hatukubaliani na mawazo hayo. Mfugaji wa zamani hakuwa na daftari, lakini alikuwa na sababu nyingi za kukumbuka kila ng'ombe alikotoka, na sababu kubwa kuliko zote ilikuwa haki.

Ng'ombe waliingia zizini kwa njia nyingi. Wengine walirithiwa. Wengine walikuja kwa mahari ya binti, na aghalabu mahari hiyo ilitazamiwa kumwoza kaka yake, kwa hiyo kaka na dada waliunganishwa maisha yao yote na ng'ombe walewale. Wengine waliwekeshwa tu: mwenye kundi kubwa aliwapeleka kwa rafiki au jamaa wa kijiji kingine, na yule aliyewapokea akapata maziwa na samadi, na mara nyingine ndama wa shukrani, lakini ng'ombe wakabaki mali ya mwenyewe. Desturi hiyo ilikuwa na hekima kubwa. Maradhi yakiingia kijiji kimoja, au maadui wakivamia, mali yote haikupotea siku moja. Tena asiyekuwa na ng'ombe alipata maziwa ya watoto wake bila kuombaomba.

Lakini tazama ugumu wake. Ng'ombe akiwekeshwa leo, na mwenyewe akafa kabla ya miaka kumi kupita, watoto wake watadai nini? Hawatadai ng'ombe mmoja tu. Watadai na uzao wake. Hapo ndipo mzee alipotakiwa kusimama mbele ya baraza na kutaja: jike fulani, mwenye rangi fulani na pembe za namna fulani, alizaa fulani, huyo akazaa wawili, mmoja akafa kwa ukame, mwingine alitolewa mahari. Mashahidi waliokuwapo walikubali au walikanusha. Hiyo ndiyo nasaba ya zizi, na baraza ndilo lililokuwa daftari lake. Kumbukumbu ya mtu mmoja yaweza kukosea au kudanganya, lakini kumbukumbu inayosikilizwa na majirani husahihishwa.

Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti katika Unyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, walieleza jinsi ng'ombe walivyoufunga ujamaa wa watu. Kwa desturi walizozikuta, mali ya marehemu ilipita kwanza kwa ndugu yake mdogo wa baba na mama mmoja, ndipo baadaye ikarudi kwa wana. Vijana wa kiume waliwachunga ng'ombe wa baba zao wakingali wadogo sana, kisha wakajijengea kijiji chao wenyewe cha watu wa rika moja. Kwa hiyo mtu aliweza kuishi mbali na kundi la ukoo wake, lakini kundi hilohilo ndilo lililomwambia jamaa zake ni akina nani.

Hapa pana jambo moja la ajabu ambalo twapenda wanafunzi walifikirie. Wahehe na Wanyakyusa huhesabu ukoo wa watu kwa upande wa baba. Lakini ng'ombe malishoni huchanganyika, na fahali wa jirani haulizi ruhusa. Mama wa ndama anajulikana na kila aliyemwona akimnyonyesha; baba yake mara nyingi hakuna ajuaye. Kwa sababu hiyo, uzao ulipodaiwa ulihesabiwa kwa jike na binti zake. Watu waliofuata nasaba ya baba nyumbani walilazimika kufuata nasaba ya mama zizini! Huu ulikuwa uwezo wa mfumo wa zamani, na ulikuwa udhaifu wake pia. Uliweza kusema kwa uhakika ng'ombe huyu ni wa nani, lakini haukuweza kusema kwa uhakika huohuo nguvu zake na unene wake amezirithi kwa fahali yupi.

Vita na sotoka

Katika karne ya 19 ng'ombe walikuwa pia hazina ya utawala. Munyigumba alipoziunganisha nchi ndogondogo za Uhehe, na mwanawe Mkwawa alipoendeleza kazi hiyo, ng'ombe waliotekwa vitani waligawanywa na mtwa kwa wakuu na wapiganaji wake. Aliyepokea ng'ombe alipokea pia wajibu wa utii. Wasangu, chini ya watawala waliojulikana kwa jina la Merere, nao walikuwa na ng'ombe wengi katika bonde lao, mpaka nguvu za Wahehe zilipowasukuma kuelekea Usafwa. Mwingereza Frederic Elton, ambaye jina lake Wazungu waliupa uwanda wa Kitulo, alipita katika nchi ya Merere mwaka 1877 na kuwakuta watu wake katika vita hivyo.

Katika hali hiyo, kundi la nyumba moja lilibeba historia ya taifa zima dogo. Jike mmoja alitoka Usangu kwa vita, mwingine Ugogo kwa biashara, mwingine Ubena kwa mahari. Kwa hiyo tusifikiri kwamba wekundu wa Iringa walitoka katika damu moja iliyojitenga. Damu nyingi zilikutana, kisha watu wakachagua.

Ndipo lilipokuja pigo ambalo halikuwa na mfano wake. Sotoka iliingia Afrika ya Kaskazini Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, ikaenea kusini upesi kuliko jeshi lolote, ikafika katika nchi yetu karibu na mwaka 1890, na kufika Afrika Kusini mwaka 1896. Sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki zilipoteza ng'ombe tisa katika kila kumi. Maradhi haya yalienezwa na pumzi na mate ya mnyama kwa mnyama. Kwa hiyo ng'ombe wa kundi moja waliweza kwisha katika muda wa majuma machache. Mtaalamu Helge Kjekshus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, alieleza kwamba msiba huo haukuishia kwenye mizoga. Malisho yalipokosa wa kuyala, vichaka viliota. Vichaka vilipoota, wanyama wa mwitu na mbung'o walisogea. Na mahali palipokuwa na watu na zizi pakawa pori.

Msiba huo uliandamana na vita vya Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilishinda jeshi la Zelewski huko Lugalo. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ilianguka, na ng'ombe wakawa miongoni mwa mateka yaliyochukuliwa. Mkwawa alipigana porini miaka mingine karibu minne mpaka kifo chake tarehe 19 Julai 1898. Kwa muda wote huo, kijiji kilichodhaniwa kumsaidia kilipokonywa chakula na mifugo. Haikupita miaka ishirini ila Vita Kuu ya Kwanza ikafika. Majeshi ya Waingereza yaliingia Iringa mwezi wa Agosti 1916, na pande zote mbili zililisha askari wao kwa ng'ombe wa wananchi.

Msomaji afikirie maana ya mambo hayo kwa nasaba ya zizi. Nyumba iliyokuwa na ng'ombe hamsini ilibaki na watano, au mmoja, au hata bila ng'ombe. Nyumba nyingine ilianza upya kwa mtamba mmoja aliyewekeshwa mbali na hivyo akanusurika. Kundi lililokua baada ya hapo lilikuwa uzao wa wachache walioponea chupuchupu. Basi mfugaji wa Iringa anaposema, "Ng'ombe hawa ni wa babu," anataja, hata kama hajui, majike machache yaliyopita katika tundu la sindano la miaka ile ya 1890.

Kitabu cha nasaba

Wakati hayo yakitokea huku, Ulaya walikuwa na namna nyingine ya kukumbuka. Katika karne ya 18 Mwingereza Robert Bakewell alionyesha kwamba mfugaji akitenga madume na majike, na kuchagua kwa makini nani apandane na nani, aweza kuibadilisha sura ya wanyama wake katika maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1822 Mwingereza George Coates alichapisha kitabu cha nasaba cha ng'ombe wa aina ya Shorthorn, ambacho ndicho cha kwanza cha namna yake kwa ng'ombe. Tangu hapo ng'ombe aliitwa wa nasaba ikiwa baba yake, mama yake na babu zake wameandikwa. Uzio ndio uliowezesha kitabu hicho, kwa maana pasipo uzio baba hajulikani.

Mawazo hayo yaliletwa katika Nyanda za Juu za Kusini na walowezi, hasa baada ya mwaka 1925, Waingereza na Wajerumani walipopewa ardhi katika sehemu za Iringa, Mufindi na Mbozi. Wengi wao walitazamia zaidi chai, kahawa, tumbaku na pareto, lakini baadhi walifuga pia. Madume ya Kizungu yakapandishwa kwa majike ya wenyeji. Somo walilolipata lilikuwa kali. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, iliua ng'ombe mgeni pasipo huruma. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe hupata maradhi hayo angali mchanga, na akipona hubaki na kinga. Mgeni aliyekulia pasipo kupe hana kinga hiyo. Ndiyo maana josho likawa msingi wa kila zizi la chotara. Cheti cha nasaba kilichoandikwa Ulaya hakikumtisha kupe.

Mfano wenye mafunzo zaidi ulikuwa wa majirani zetu wa Kenya. Ng'ombe wa Boran hakuletwa kutoka Ulaya. Ni zebu wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, waliomfuga na kumchagua tangu kale. Walowezi wa Kenya walimnunua katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakamzungushia uzio, wakaandika uzazi wake, na mwaka 1951 wakaunda chama cha wafugaji wa Boran. Katika miaka ya 1990 viinitete vya Boran vilikuwa vikipelekwa Afrika Kusini, na jina lake likajulikana katika soko la dunia. Twajifunza mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba ng'ombe wa Mwafrika alikuwa na thamani tangu mwanzo, na walichoongeza walowezi kilikuwa maandishi na uchaguzi wenye mpango. La pili ni kwamba anayeandika ndiye anayeuza. Waborana waliomtunza ng'ombe huyo katika ukame wa vizazi vingi waliacha jina lao, lakini kitabu kilikuwa mikononi mwa wengine. Wekundu wa Iringa hawakupata hata kitabu.

Makundi ya Taifa

Serikali ya kikoloni ilianza kazi ya uzazi wa ng'ombe huko Mpwapwa, kwenye kituo ambacho chanzo chake ni mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Kuanzia miaka ya 1930 na 1940 wataalamu wa Mpwapwa walichanganya damu ya ng'ombe wa kienyeji na ya Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, pamoja na Boran na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, ili kupata ng'ombe wa maziwa na nyama anayeweza kuishi katika nchi kavu. Ng'ombe huyo ndiye aitwaye Mpwapwa. Huko Kongwa, baada ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 kushindwa, ardhi iligeuzwa ranchi, na Boran wakapata makao makubwa nchini.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Taifa lilichukua jukumu la kuwa mwenye kundi. Kampuni ya Ranchi za Taifa ilisimamia ranchi za ng'ombe wa nyama. Sao Hill, katika Mufindi, pakawa na shamba la kuzalisha mitamba; Kitulo, penye baridi inayowafaa ng'ombe wa Ulaya, pakawa na shamba la ng'ombe wa maziwa; na Uyole, karibu na mji wa Mbeya, pakajengwa kituo cha utafiti na mafunzo ya kilimo kwa msaada wa nchi za Skandinavia. Nia ilikuwa njema: mbegu bora isiwe tena mali ya shamba la mlowezi, bali imfikie mwananchi.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli. Mtaalamu aliyemfikia mwanakijiji mara nyingi alimpelekea fahali bila kumwuliza habari za majike yake. Maneno "ng'ombe bora" na "ng'ombe wa kienyeji" yalitamkwa kana kwamba ni kinyume. Mfugaji aliyejua mama, bibi na mama wa bibi wa kila ng'ombe wake aliandikwa kuwa hana kumbukumbu zozote. Kwa hiyo elimu mbili zilipita njia moja bila kusalimiana.

Hesabu ya damu

Tuitazame sasa hesabu yenyewe, kwa maana historia hii yaweza kupimwa. Ndama hupata nusu ya damu yake kwa baba na nusu kwa mama. Tuseme mfugaji wa Iringa ana majike mekundu ya asili, naye anapata fahali wa Boran. Ndama wa kwanza watakuwa na nusu ya damu ya Iringa. Mitamba hao wakipandwa na Boran mwingine, ndama watabaki na robo. Kizazi cha tatu kitabaki na thumni, yaani sehemu moja ya nane. Na cha nne kitabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Jike wa kienyeji huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka minne hivi. Basi vizazi vinne ni kama miaka kumi na sita hadi ishirini. Yaani ng'ombe aliyechaguliwa na mababu kwa mamia ya miaka, aliyepita sotoka na vita viwili, aweza kutoweka katika zizi moja kwa muda ambao mwalimu hufundisha kabla ya kustaafu, tena bila mtu yeyote kufanya uovu.

Hatusemi kwamba kuchanganya damu ni kosa. Chotara hukua upesi na kuleta nyama nyingi zaidi sokoni, na mzazi mwenye watoto wa kusomesha hawezi kuambiwa akatae faida hiyo kwa ajili ya historia. Tunalosema ni kwamba achanganye akijua anachoongeza na anachopunguza. Na kwamba mahali fulani, katika mashamba ya Serikali au katika zizi la mfugaji mwenye moyo, lazima ibaki damu ya asili ya kurudia. Mwaka 2007 mataifa mengi yalikubaliana huko Interlaken, Uswisi, juu ya mpango wa dunia wa kuhifadhi aina za mifugo, kwa sababu aina nyingi zilikuwa zikipotea kwa njia hiihii ya kimya.

Kadhalika, hesabu inatuonyesha kosa la pili, ambalo ni letu wenyewe. Fahali akikaa zizini zaidi ya miaka minne hivi, huanza kukutana na binti zake. Ndama wa baba na binti ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi kwa pande zote mbili nakala ileile ya chembe ya urithi, na hapo udhaifu uliofichika hujitokeza: ndama wadogo, majike yasiyoshika mimba, vifo vya mapema. Mzee aliyebadilishana fahali na rafiki wa mbali hakuwa ameisoma asilimia hiyo, lakini alikuwa akiiepuka. Kijana wa siku hizi anayemng'ang'ania fahali mmoja kwa kuwa ni mzuri wa umbo, aweza kuliharibu kundi kwa kulipenda.

Wajibu wetu

Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ilimtaka kila mfugaji awe na alama ya ng'ombe wake na asajiliwe. Baadaye zikaja hereni za masikioni zenye namba. Hatua hizo zina faida katika kuzuia wizi, kufuatilia maradhi na kupata soko la nyama la nje. Lakini hereni hueleza ng'ombe ni yupi na ni wa nani. Haielezi bibi yake alitoka wapi. Habari hiyo bado imo vichwani mwa wazee, na wazee hawadumu. Wenye makundi wengi wamehama, wengine wameondolewa, kama ilivyotokea Usangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipotakiwa kuondoka na mifugo yao ili kuokoa maji ya Ihefu na Ruaha. Kundi linapohamishwa kwa haraka na kuuzwa njiani, nasaba yake hukatika siku hiyohiyo.

Kwa hiyo twapendekeza kazi iliyo ndogo, ambayo shule yoyote ya sekondari ya Iringa, Mbeya, Njombe au Songwe yaweza kuifanya bila fedha. Kila mwanafunzi mwenye jamaa mfugaji achukue daftari, aende kwa mzee wakati wa likizo, akae naye karibu na zizi jioni ng'ombe wanaporudi. Amwulize kwa heshima, ng'ombe mmoja baada ya mwingine: Huyu aliingiaje, kwa urithi, kwa mahari, kwa kuwekeshwa au kwa kununuliwa? Mama yake alikuwa yupi? Alizaa wangapi, na kila mmoja alikwenda wapi? Fahali aliyetumika alitoka kwa nani? Rangi gani zilipendwa, na kwa nini? Majibu ayaandike, kisha ayasome kwa sauti mbele ya mzee na majirani, ili wasahihishe kama baraza lilivyosahihisha zamani.

Mwalimu wa historia atapata humo habari za vita na mahari ambazo hazimo katika vitabu. Mwalimu wa elimu ya viumbe atapata mifano ya urithi isiyohitaji kutoka nchi za mbali. Na mtaalamu wa mifugo, akija na fahali wake, atapokewa na familia inayoweza kumwambia anakuja kumwoa binti wa nani.

Mwacha asili ni mtumwa. Maneno haya husemwa juu ya watu, nasi tumezoea kuyaelekeza kwenye ngoma, lugha na mavazi. Lakini mtamba mwekundu anayerudi jioni kutoka malishoni Iringa ni kazi ya mikono na akili za watu waliotutangulia, sawasawa na mkeka au hadithi. Mama yake anajulikana, na bibi yake anajulikana. Anayewajua angali hai, naye amekaa mlangoni akimsubiri mtu wa kumwuliza.